MBEGU ZA MAUA YA NCHI NA AMANA YA ARDHI

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Aliyeumba mbegu na Akaiamuru ardhi ipasuke kwa ajili yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, nataka leo niseme nanyi juu ya jambo ambalo wengi wenu mtalistaajabia. Nataka kusema juu ya maua: si maua ya kununuliwa kwa ajili ya harusi, wala haya ya plastiki tunayoyapanga majumbani mwetu, bali maua ya mwituni ya nchi yetu wenyewe, yale yaishiyo miaka mingi katika udongo, na namna ya kuyaotesha kwa mbegu. Najua yuko atakayesema: "Sheikh, watoto wetu wapotea, madrasa zetu zaanguka, nawe watuletea khabari ya maua?" Namwomba msemaji huyo astahimili mpaka mwisho wa maneno yangu, kisha ahukumu.

Katika mwezi wa Shaaban wa mwaka 2022 nilialikwa na ndugu zetu wachache wa Ogembo, mji mdogo wa Gusii katika Kaunti ya Kisii, niwasomeshe masuala ya funga kabla ya kuingia Ramadhani. Ogembo ni nchi ya vilima na ya mvua. Ndizi, miwa, kahawa na mahindi vyasongana hata mtu hapati pa kuweka mguu, kwa kuwa watu ni wengi na ardhi ni ndogo, na kila kizazi huligawanya tena lile shamba lililokwisha kugawanywa. Chini ya vilima hivyo hupita mto Gucha, ambao wengine huuita Kuja, nao huenda kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa Kigusii aliyesilimu katika ujana wake, amepita miaka themanini, mwembamba, mwenye maneno machache. Shamba lake lilikuwa ekari moja na robo. Jirani zake walikuwa wamepanda mikaratusi hata ukingoni mwa mto, kwa kuwa mti huo hukua upesi na kuuzika upesi. Lakini yeye aliuacha ukingo wake kama alivyourithi, una nyasi na vichaka na maua. Nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati lililotoboka, alikuwa amepanga makopo ya mafuta na masufuria yaliyotoboka, na kila chombo kina udongo, na kila kimoja kina kijiti kilichoandikwa tarehe.

Nikamwuliza: "Mzee wangu, hizi ni mboga?" Akasema: "La, Sheikh. Haya ni maua ya mtoni. Wenye mikaratusi wakiyamaliza kule, yatakuwa yamebaki hapa."

Likanipendeza moja, lenye vishada vya nyota ndogo ndogo nyekundu, ambalo wanavyuoni wa mimea huliita Pentas lanceolata. Nikamwomba anichimbulie shina moja nilichukue Mombasa. Yule mzee aliyenichinjia kuku, aliyenipa kitanda chake nikalalie, akaninyima shina la ua! Akaniambia kwa upole: "Sheikh, lililoota mtoni huwa siling'oi. Nachukua mbegu, tena si zote. Katika vichwa kumi nachukua kimoja, tisa nawaachia ndege na ardhi. Nawe ukitaka maua, nenda ukatafute ya kwenu. Kila nchi Mungu ameipa watoto wake."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa yalinikumbusha dhambi yangu mwenyewe. Miaka kadha kabla ya hapo nilikwenda na wanafunzi wangu kwenye miamba ya chokaa ya Cha Simba, upande wa Kaloleni, nikaona katika nyufa za mawe ua dogo la zambarau, lenye majani ya manyoya manyoya. Nikang'oa mashina matano kwa mikono yangu, nikayatia katika mfuko, nikarudi nayo mjini. Haikutimia wiki ya tatu, yote yalikuwa yamekufa. Sikujali, niliona ni magugu tu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ua lile, Saintpaulia rupicola kwa jina la wanavyuoni, halina makao duniani ila miamba michache ya Kilifi, na kwamba limo hatarini kutoweka. Tena nikajua kwamba ua la ukoo huo huota hata kwa jani moja lililokatwa vizuri na kuchomekwa katika udongo wenye unyevu. Kwa hiyo sikuwa na haja ya kung'oa hata shina moja. Nilivunja kitu ambacho sikukiumba, wala sikukinunua, wala sikumwomba mtu ruhusa. Namwomba Mwenyezi Mungu msamaha.

Tumezoea kudhani kwamba amana ni fedha ya yatima, au siri ya rafiki, au kitu kilichowekwa rehani. Naam, hizo ni amana. Lakini Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya Al-Hajj, aya ya 5, kwamba ardhi huwa kavu, kisha Huiteremshia maji ikatikisika na kuumuka, ikatoa kila namna ya mimea ipendezayo. Tazameni: Hakutaja chakula peke yake, Ametaja uzuri. Na katika Sura ya An-Naml, aya ya 60, Ametaja bustani zenye kufurahisha, Akatukumbusha kwamba sisi hatukuwa na uwezo wa kuiotesha miti yake. Basi asemaye kwamba uzuri wa mimea ni upuuzi na ajiulize ni kwa nini Mola wake Ameutaja katika Kitabu Chake kuwa ni hoja ya uungu Wake.

Na aibu yetu sisi watu wa pwani ni kubwa zaidi, kwa kuwa wageni waliyaona maua yetu kabla ya sisi wenyewe kuyaona. Katika mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, jina lake Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona ua la zambarau la Usambara, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani; na mwaka 1893 mwanachuoni Hermann Wendland akalipa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Leo halipungui madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Kadhalika Sir John Kirk, balozi wa Kiingereza Unguja, alipeleka London ua jingine la pwani yetu. Na mwaka 1882 Joseph Hooker akaliita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Siku hizi jina lake la kitaalamu ni Impatiens walleriana, na mbegu zake huuzwa katika pakiti ulimwenguni kote. Ua limebeba jina la Sultani wetu, na ni wangapi katika Unguja na Mombasa walijuao? Sisi tumelikanyaga tukienda dukani kununua ua la plastiki!

Wala mtu asinijibu kwamba elimu hiyo ni ya Wazungu. Ibn al-Awwam wa Sevilla, katika karne ya 12, alitunga kitabu kikubwa cha kilimo. Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 1248, alitembea nchi kwa nchi akichunguza mimea kwa macho yake, kisha akaandika faida zake. Hao walikuwa Waislamu, na hawakuona kwamba kuinama kutazama jani kunawapunguzia dini. Elimu hiyo ilikuwa yetu. Tumeiacha, kisha twawalaumu walioiokota.

Basi niliporudi Mombasa nilikwenda kutafuta mmea wa kwetu, kama nilivyousiwa. Nikakumbuka kivumbasi, kile ambacho bibi zetu walikipanda penye uwa kwa harufu yake na kwa kufukuza mbu. Nikapata vichwa vikavu kwenye ua wa jirani kwa ruhusa yake, nikavipukusa, nikachimba mashimo, nikazika mbegu kama azikavyo mtu mahindi. Nikangoja mwezi mzima, hapana kilichoota. Nikasema, "Mbegu hizi ni mbovu." Mwanangu mdogo akachukua zilizobaki, akazinyunyiza juu ya udongo katika beseni bovu wala hakuzifunika, na kabla ya wiki mbili beseni lilikuwa limetoka kijani. Mbegu hazikuwa mbovu, ndugu zangu. Mkono ulikuwa mbovu. Nanyi walimu wenzangu wa madrasa, tufikiri: ni watoto wangapi tuliowazika chini ya mzigo wa kukariri wasichokifahamu, na walipokosa kuota tukasema ni wajinga?

Nami sitaki mtu aanguke nilipoanguka mimi. Kwa hiyo nitaeleza kwa mukhtasari namna ya kazi yenyewe, kama nilivyofundishwa na mzee wa Ogembo na kama nilivyoijaribu.

Kwanza, mbegu ichukuliwe ikiwa imekomaa, ganda limekauka na kugeuka rangi. Mbegu mbichi ni kama tunda lililoivishwa kwa nguvu. Na ichukuliwe kwa ruhusa ya mwenye mahali, na kwa uchache. Misitu ya kaya na misitu ya serikali si mali ya yeyote aingiaye; mtu asiingie humo kuchuma pasipo idhini.

Pili, ianikwe kivulini, si juani, kisha iwekwe katika karatasi na kuandikwa jina na tarehe. Isitiwe katika mfuko wa plastiki ikiwa na unyevu, kwa kuwa itaota ukungu.

Tatu, mbegu iliyo ndogo kama vumbi, kama ya Pentas au ya ua la Usambara, isifunikwe kabisa. Huhitaji kuona nuru ndipo iote. Iliyo kubwa kidogo ifunikwe kwa udongo wa kadiri ya unene wake. Na yenye ganda gumu, kama za jamii ya kunde, isuguliwe kidogo kwa mchanga au ilazwe katika maji ya vuguvugu usiku mmoja.

Nne, udongo uwe mwepesi, uliochanganywa na mchanga na mboji, na chombo kiwe na matundu chini. Maji yanyunyizwe kwa upole, au chombo kisimamishwe katika sinia lenye maji yakapanda yenyewe. Amwagaye maji kwa kata huzizoa mbegu zote pembeni.

Tano, mche ukipata majani manne ya kweli uhamishwe. Wala mtu asitazamie maua upesi. Mmea wa mwaka mmoja hufanya haraka, huchanua ukafa. Lakini huu uishio miaka mingi aghlabu mwaka wake wa kwanza huutumia kutia mizizi, na mtu asiyejua hudhani haufanyi kitu.

Sita, na hili ni la hadhari: katika maua ya nchi yetu mna yenye sumu. Lile litambaalo lenye ndimi za moto, nyekundu na manjano, liitwalo Gloriosa superba, sumu yake yaua, na kiazi chake ndicho kikali zaidi. Lipandwe mbali na watoto, wala asilile mtu kwa kudanganywa na mganga yeyote.

Ua hilo la ndimi za moto ndilo lililonirudisha Ogembo. Katika safari ile ya kwanza nilimwona mzee akizitia mbegu zake katika kopo. Nikamwuliza litachanua lini. Akasema: "Likienda vizuri, mwaka wa tatu au wa nne." Nikamtazama umri wake, nikanyamaza. Yeye aliufahamu unyamavu wangu, akamwita mjukuu wake, msichana wa miaka kama kumi na mbili, akampa kile kijiti aandike tarehe kwa mkono wake. Hakuniongezea neno.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha katika hadithi iliyopokewa na Anas, radhi za Mungu zimfikie, kwamba Kiyama kikisimama na katika mkono wa mmoja wetu mna mche, akiweza kuupanda na aupande. Nilikuwa nimeisomesha hadithi hiyo miaka ishirini. Siku ile ndipo nilipoiona.

Mwaka uliofuata mzee alifariki, Mungu amrehemu, nami nikaitwa niwasaidie warithi. Mkewe alikuwa amekwisha kutangulia, na wazazi wake pia. Aliacha wana wawili wanaume na binti mmoja, ambaye ndiye mama wa yule msichana. Deni lake lilikuwa dogo, likalipwa. Ikabaki ardhi. Wale wana wakasema: "Sheikh, igawanye mara mbili. Kwetu binti haridhi ardhi. Yeye ameolewa, na ardhi yake iko kwa mumewe."

Nakiri mbele yenu kwamba siku ile ya kwanza sikuwajibu. Nilijiambia kwamba mimi ni mgeni, kwamba watu ni wachache na wageni katika dini, kwamba nikisema watatawanyika. Shetani huwapambia masheikh woga wao kwa jina la hekima.

Jioni nikatoka nyuma ya nyumba. Makopo yalikuwa palepale. Lile la ndimi za moto halikuwa na jani hata moja. Ulikuwa udongo mtupu. Msichana alikuwa akilinyunyizia maji kwa ncha za vidole. Nikamwambia: "Mwanangu, hili limekufa." Akanijibu: "Hapana, Sheikh. Yalitoka majani, kisha yakakauka wakati wa jua. Babu aliniambia chini kuna kiazi kidogo, kimelala, nisimwagie maji mengi kikaoza. Mjomba alitaka kulitupa, nikalificha."

Haya yakanishika. Mtoto ameshika amana ya kopo la udongo, nami mwenye kilemba nimeshindwa kushika amana ya aya ya Qurani!

Asubuhi nikawakusanya. Nikawaeleza kwamba Mwenyezi Mungu, katika Sura ya An-Nisa, aya ya 7, Amewawekea wanaume fungu na wanawake fungu katika kile walichoacha wazazi, kikiwa kidogo au kikiwa kingi. Na aya ya 11 ikaweka fungu la mwanamume kuwa sawa na mafungu ya wanawake wawili. Kwa hiyo ardhi hii ni mafungu matano: kila mwana mafungu mawili, nayo ni nusu ekari; na binti fungu moja, nalo ni robo ekari. Nikawaambia kwamba atakayeizuia robo hiyo ameizuia kwa Mola wake, si kwa dada yake.

Palikuwa na kimya kirefu. Mkubwa akakubali. Mdogo akakubali kwa ulimi, lakini niliposafiri hakuja kuniaga. Alipoulizwa binti ni upande gani autakao, alichagua ukingo wa mto, mahali ambapo ndugu zake walipahesabu kuwa hapafai. Hapana mkaratusi uliopandwa pale mpaka leo.

Baada ya Ramadhani ya mwaka 2023 nililetewa salamu kutoka Ogembo kwamba mvua zimenyesha na kopo lile limetoa machipukizi matatu. Nikakumbuka jinsi Mwenyezi Mungu Alivyotuambia katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 19, kwamba Huihuisha ardhi baada ya kufa kwake, na kwamba nasi tutatolewa vivyo hivyo.

Sasa namrudia yule aliyeniuliza kwa nini naleta khabari ya maua. Ndugu yangu, asiyeweza kungoja mche miaka mitatu hawezi kulea mtoto miaka kumi na minane. Na mwenye kung'oa la mwituni kwa kuwa hapana amwonaye, atakula na cha dada yake kwa kuwa hapana amshitakiye. Maradhi ni yale yale.

Kwa hiyo nawausia mambo matatu. Kila madrasa yetu, hata isiyo na kiwanja, iwe na makopo kumi ya mimea ya nchi hii, na watoto wayatunze kwa zamu na kuandika tarehe. Kila nyumba ipande kivumbasi, au mmea mwingine wa kwetu wenye kufaa nyuki na watu. Kwa kuwa Mtume wetu ametufundisha kwamba Mwislamu hapandi kitu kikaliwa na mtu au ndege au mnyama ila huandikiwa sadaka, na pia kwamba mtu akipewa mmea wenye harufu nzuri asiukatae. Na kila mwenye kushika urithi wa dada yake, au wa binti ya ndugu yake, aurejeshe kabla hajalala yeye mwenyewe chini ya udongo.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyavunja kwa ujinga wetu. Mrehemu mzee wa Ogembo na uifanye kaburi yake kuwa bustani katika mabustani ya Peponi. Tupe subira ya kungoja kile tulichokipanda, na utupe radhi ikiwa watakaokiona ni wengine. Amin.

Wa billahi t-tawfiq.